Herufi Zisafiripo na Kamusi: Historia ya Chapa za Kikipsigis kutoka Risasi hadi Hifadhidata

1. Utangulizi

Historia ya tahajia za lugha za Afrika ya Mashariki aghalabu huelezwa kwa kufuata maazimio ya kamati: nani walikutana, wapi, na herufi zipi zilikubaliwa. Zana zilizotumiwa kuyatekeleza maazimio hayo hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, herufi iliyokubaliwa mkutanoni haina maisha mpaka ipatikane katika kasha la mpiga chapa, katika taipureta ya karani, au katika kompyuta ya mtunzi wa kamusi. Isipopatikana huko, huachwa kimyakimya, na uamuzi wa wataalamu hutanguliwa na uamuzi wa chombo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo ya zana kwa mfano wa Kikipsigis, mojawapo ya lugha za Kikalenjin, inayozungumzwa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba katika kila kipindi gharama ya herufi maalumu imelipwa na mtu fulani. Mara nyingi aliyeilipa ni msomaji, kwa kunyimwa tofauti za sauti ambazo lugha yake inazo. Katika kipindi cha kompyuta gharama hiyo iligeuka sura: kamusi yenye herufi kamili iliwezekana kutungwa, lakini haikuweza kusafiri mpaka fonti yake isafiri nayo.

Mahali pafaapo kuanzia ni Kedowa, katika Kaunti ya Kericho upande wa Londiani. Jina hilo huandikwa kwa herufi sita ambazo kila taipureta inazo, na kwa hiyo halimsumbui mpiga chapa yeyote. Lakini likisomwa kwa kanuni za sauti za Kikipsigis, e na o zilizomo kila moja yaweza kusimamia irabu mbili tofauti, na hakuna alama inayoonyesha toni. Mwenyeji hahitaji kuambiwa. Mgeni, pamoja na mtoto wa mwenyeji aliyelelewa mbali, hawezi kuyajua hayo kutokana na maandishi peke yake.

2. Sauti zinazodai herufi

Kikipsigis, kama Kinandi kilicho ndugu yake wa karibu, kina irabu kumi kwa ubora wake. Zimegawanyika katika makundi mawili ya irabu tano tano: kundi moja hutamkwa shina la ulimi likiwa limesogezwa mbele, na la pili likiwa limerudishwa nyuma. Tena kila irabu yaweza kuwa fupi au ndefu. Tahajia ya kawaida inazo herufi tano tu za irabu. Urefu huonyeshwa kwa kurudia herufi, lakini tofauti ya makundi mawili haionyeshwi.

Toni nayo ina kazi ya sarufi, wala si pambo la matamshi. Katika Kikalenjin kitenzi hutangulia katika sentensi ya kawaida, na nomino iliyo mtenda hubainishwa kwa toni yake. Maandishi yasiyo na toni yanamwachia msomaji kazi ya kuamua, kutokana na muktadha, nani alitenda na nani alitendewa. Kwa mtunzi wa sarufi au kamusi hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa mwingi wa mfumo wa lugha umo humo humo.

Kwa upande wa konsonanti, lugha hii haitofautishi maana kwa kupinganisha k na g, wala p na b, wala t na d; sauti hizi hubadilika kwa kufuata mazingira yake katika neno. Jambo hili limeacha alama hata katika jina la watu wenyewe. Juxon Barton, katika makala yake ya 1923, aliandika Kipsikis, J. G. Peristiany, katika kitabu chake cha 1939, aliandika Kipsigis. Hapa hakuna aliyekosea. Alfabeti ya Kirumi iliwapa herufi mbili kwa sauti ambayo lugha huihesabu kuwa moja, huku ikiwanyima herufi kumi za irabu. Iliwapa wasichohitaji, ikawanyima walichohitaji.

3. Zama za risasi

Kazi kubwa ya mwanzo iliyochapishwa juu ya Kinandi ni kitabu cha A. C. Hollis, kilichotolewa 1909 na Clarendon Press huko Oxford. Mahali pa uchapaji panastahili kutiliwa maanani. Chapa hiyo ya chuo kikuu ilikuwa na akiba kubwa ya herufi za lugha nyingi, na iliweza kumhudumia mwandishi kwa namna ambayo kiwanda kidogo cha misheni hakikuweza. Mpiga chapa wa misheni alikuwa na makasha machache ya herufi za risasi zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Kila alama mpya ilidai kalibu yake, kwa kila ukubwa wa herufi, na kwa herufi ndogo na kubwa pia. Herufi moja ya mwanaisimu ilikuwa, kwa mhasibu wa kiwanda, bidhaa nyingi.

Mwaka 1926 iliundwa huko London taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, na kijitabu chake cha tahajia kikatolewa baadaye na kusahihishwa 1930. Kijitabu hicho kilipendekeza herufi kama ɛ, ɔ na ŋ, kwa hoja kwamba herufi kamili ni bora kuliko vialama vya juu na chini ambavyo huchakaa chapani na kusahauliwa kalamuni. Hoja hiyo ilikuwa ya kiisimu na ya kiwanda kwa pamoja.

Afrika ya Mashariki iliipokea kwa kiasi tu. Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi 1930, ilikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kubaki na ch, sh, ny na ng'. Apostrofi ya ng' ilitoka katika kasha lile lile la herufi za kawaida. Haikumgharimu mtu chochote. Kiswahili, chenye irabu tano na kisichotumia toni kutenganisha maana, hakikupata hasara. Luganda iliikubali ŋ katika tahajia yake ya 1947, lakini hadi leo waandishi wengi huandika ng' mahali pake, kwa sababu herufi yenyewe haimo katika kibao cha kawaida.

Mfano wa Kikikuyu unafundisha zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba. Tahajia ya kawaida iliziandika mbili kati yake kwa kiwimbi juu, yaani ĩ na ũ. Lilias Armstrong, aliyeichunguza fonetiki ya lugha hiyo huko London kwa msaada wa Jomo Kenyatta, alizigawa irabu hizo kwa njia ya ɛ na ɔ katika kitabu kilichotolewa 1940 baada ya kifo chake. Lugha ni moja na irabu ni zile zile, lakini msomaji wa kitabu kimoja hawezi kukisoma cha pili bila kujifunza upya. Wakikuyu waliushika mfumo wa kiwimbi na kuuthamini. Kikipsigis hakikupata kiwimbi wala herufi mpya. Kilibaki na irabu tano za taipureta.

4. Zama za taipureta

Taipureta ilizidi kuifunga milango. Kasha la risasi liliweza kuongezewa herufi, ilhali taipureta ilikuwa na vibonye vilivyohesabiwa tangu kiwandani. Katika nchi ya Kericho, ambako makampuni makubwa yalianza kilimo cha chai katika miaka ya 1920, karani wa ofisi aliyaandika majina ya watu na mahali kwa herufi za Kiingereza, na majina hayo yakazoeleka katika orodha, risiti na ramani. Tahajia ya karani ikawa tahajia ya serikali, nayo ikawa tahajia ya shule.

Baada ya uhuru ilizuka juhudi ya kuzipa lugha za kwanza nafasi shuleni. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilitolewa katika lugha kadhaa za Kenya. Mwaka 1979 Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu mzawa wa nchi ya Wakipsigis, alitoa uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin kupitia Kenya Literature Bureau. Hapo mzungumzaji wa lugha yenyewe aliieleza toni na irabu zake kwa taaluma. Lakini kitabu cha mwanaisimu na kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza viliendelea kutumia mifumo miwili: kimoja chenye alama, cha pili bila alama.

Wakati huo huo, mkutano wa UNESCO uliofanyika Niamey 1978 ulipendekeza alfabeti ya marejeo kwa lugha za Afrika. Kutokana na kazi hiyo Michael Mann na David Dalby walibuni kibao cha kuandikia chenye herufi ndogo pekee. Kuziacha herufi kubwa kulikusudiwa kupata nafasi kwa alama zote zilizohitajika. Huu ni ushahidi wa wazi wa hoja ya makala haya: wataalamu walikuwa tayari kuacha mapokeo ya karne nyingi ya herufi kubwa kwa sababu ya uhaba wa vibonye. Kibao hicho hakikuenea.

5. Kompyuta na fonti za kujibunia

Kompyuta haitambui umbo la herufi, inatambua namba. Mpango wa ASCII wa 1963 ulikuwa na nafasi 128, na mipango iliyofuata, yenye nafasi 256, iliongeza herufi za Ulaya ya Magharibi. Humo ilipatikana ñ ya Kihispania, na zilipatikana ã na õ za Kireno, lakini ĩ na ũ za Kikikuyu hazikuwamo. Kiwimbi kilikuwapo, irabu za kukibeba ndizo zilizokuwa za Afrika. Wala ɛ, ɔ na ŋ hazikupata nafasi.

Ilipofika miaka ya 1980 zana za kuchora fonti zilianza kupatikana kwa mtu binafsi, na muundo wa TrueType ulipoingia katika Windows 1992 kazi hiyo ilienea. Njia iliyotumiwa ilikuwa rahisi. Mtunzi alichukua nafasi asiyoihitaji, tuseme ile ya é, akaifuta sura yake na kuchora ɛ mahali pake. Namba ikabaki ile ile, sura ikabadilika. Shirika la SIL lilitoa fonti za fonetiki za namna hii mwaka 1993, pamoja na vifaa vya kuwasaidia wengine kujiundia zao.

Hivyo mwanaisimu akapata, kwa mara ya kwanza, uhuru ambao hata Hollis na Armstrong hawakuwa nao: kuwa mpiga chapa wa lugha anayoichunguza. Hilo halifai kudharauliwa. Lakini uhuru huo ulikuwa wa mtu mmoja mmoja. Mtunzi wa pili aliiweka ɛ mahali pa alama ya dola, na wa tatu mahali pengine kabisa. Kila kompyuta ikawa na alfabeti yake ya siri, na ufunguo wake ulikuwa faili moja dogo la fonti.

6. Hifadhidata iliyofika bila herufi zake

Tatizo lilijitokeza kwa ukali zaidi katika hifadhidata za kamusi. Programu ya Shoebox, iliyotolewa na SIL katika miaka ya 1980, iliwawezesha watafiti kuhifadhi kila kidahizo pamoja na aina yake ya neno, maana na mifano. Katika matoleo yake ya Windows, kila lugha ilielezwa kwa faili lililotaja fonti yake, kibao chake na mpangilio wa alfabeti yake. Wengine walitumia hifadhidata za ofisi, kama vile FileMaker au Access. Katika programu hizo zote hifadhidata yenyewe hubeba namba za herufi, na huenda ikabeba jina la fonti. Fonti yenyewe hukaa nje, katika folda ya mfumo wa kompyuta.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Chukua kamusi ya Kikipsigis iliyotungwa chuoni kwa fonti ya kujibunia, kisha ikapelekwa kwa mwalimu wa Kedowa bila fonti hiyo. Kompyuta ya mwalimu huliona jina la fonti, hulikosa faili lake, na bila kusema neno huchagua fonti nyingine. Kila ɛ hutokea kuwa é, na alama za toni hugeuka kuwa vipande vya sarafu na mabano. Maneno yapo yote, lakini hayasomeki. Lililo baya zaidi ni kwamba mwalimu aweza kudhani kosa ni la kamusi, akaanza kuyasahihisha anayoyaona. Akifanya hivyo, namba sahihi zitafutwa kweli, na hata fonti ikija baadaye haitazirudisha.

Mpangilio wa alfabeti nao huharibika. Programu ya kawaida hupanga maneno kwa kufuata namba. Herufi iliyowekwa katika nafasi ya é hutupwa baada ya z, na ng', ambayo Mkipsigis huihesabu kuwa sauti moja, huchanganywa na n ifuatwayo na g. Kitafutwacho hakipatikani mahali kinapotarajiwa.

Faili la PDF, lililobuniwa 1993, liliweza kubeba fonti ndani yake na kuwa kama kitabu kilichokwisha kuchapwa. Lakini kitabu kilichokwisha kuchapwa hakiongezewi neno. Hifadhidata, ambayo thamani yake ni kukua mikononi mwa wengi, haikuweza kujifunga vivyo hivyo. Ilibidi anayeisambaza aweke fonti katika kifurushi cha usanikishaji, programu ya usanikishaji iinakili katika folda ya mfumo, na mwenye kompyuta awe na mamlaka ya kuruhusu jambo hilo. Katika kompyuta ya shule au ya mkahawa wa intaneti mamlaka hayo mara nyingi hayako kwa mtumiaji. Tena kama fonti mbili za matoleo tofauti zilikuwa na jina moja, ya kwanza iliizuia ya pili, na kosa likawa gumu kuligundua.

7. Suala la ruhusa

Hata pale ambapo njia ya kiufundi ilipatikana, lilibaki suala la haki. Fonti ni kazi yenye mwenyewe. Ndani ya faili lake mna alama inayoeleza kama yaweza kufungwa ndani ya hati, na kama ni kwa kusoma na kuchapa tu au kwa kuhariri pia. Leseni yake huongeza masharti mengine. Mtunzi aliyechukua fonti iliyouzwa pamoja na kompyuta yake, akaichora herufi za Kikipsigis na kuigawa pamoja na kamusi, alikuwa anagawa mali isiyo yake, hata kama nia yake ilikuwa njema. Waangalifu waliacha kugawa. Wasio waangalifu waligawa kwa siri.

Mabadiliko yalikuja Novemba 2005, SIL ilipotoa leseni huria ya fonti iliyoandaliwa na Victor Gaultney na Nicolas Spalinger. Toleo lake la 1.1 lilifuata Februari 2007. Leseni hiyo inaruhusu fonti kutumiwa, kubadilishwa na kusambazwa pamoja na programu yoyote, hata programu inayouzwa. Masharti yake ni machache: fonti isiuzwe peke yake, maandishi ya leseni yaandamane nayo, na anayeibadilisha asilitumie jina la asili lililohifadhiwa. Sharti hili la mwisho linatibu ule ugonjwa wa majina mawili yanayofanana. Gentium, Charis na Doulos zilitolewa chini ya leseni hii. Ilitolewa pia fonti ya wanaoanza kusoma, yenye maumbo yasiyochanganyika machoni, nayo ikaitwa kwa neno la Kiswahili: Andika.

8. Namba moja kwa herufi moja

Hata hivyo leseni njema isingetosha kama kila fonti ingeendelea na siri yake. Dawa ya ugonjwa wenyewe ilianza 1991, toleo la kwanza la Yunikodi lilipotolewa. Yunikodi huipa kila herufi ya kila lugha namba yake isiyogongana na nyingine. Humo ŋ ni 331, ɔ ni 596, na ɛ ni 603; nazo ĩ na ũ, zilizokosekana katika nafasi 256, ni 297 na 361. Programu ya Toolbox, iliyoirithi Shoebox, iliupokea mpango huu, na majedwali ya ubadilishaji yakatungwa ili kuhamisha data za zamani. Kazi ya kuhamisha ilihitaji jambo moja: kuijua fonti iliyotumiwa hapo mwanzo. Pale fonti ilipopotea, mtafiti alilazimika kukisia neno kwa neno.

Kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja. Herufi kubwa ya ɪ, kwa mfano, iliingizwa katika Yunikodi 2016 tu. Aidha, namba sahihi haimwonyeshi msomaji kitu kama kompyuta yake haina fonti yoyote yenye umbo la namba hiyo. Kwa hiyo ada ya kuiambatisha fonti haijapitwa na wakati. Kilichobadilika ni uzito wa hasara. Zamani kukosa fonti kulikuwa kupotosha neno. Sasa ni kuona kisanduku kitupu mahali pa herufi, na neno likabaki salama chini yake likingoja.

9. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba tahajia ya irabu tano ya Kikipsigis haiwezi kuelezwa kwa isimu peke yake. Iliumbwa pia na kasha la risasi, kibonye cha taipureta na nafasi 256 za kompyuta. Pingamizi hizo za chombo zimekwisha kuondolewa kwa sehemu kubwa. Jane Tapsubei Creider na Chet Creider walipotoa kamusi yao ya Kinandi 2001, walithibitisha kwamba irabu na toni za Kikalenjin zaweza kuwekwa katika kamusi kwa utaratibu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, imeiwajibisha serikali kuendeleza na kulinda lugha za wenyeji.

Haifuati kwamba mtoto wa Kedowa alazimishwe kuandika barua kwa alama zote za mwanaisimu. Wazungumzaji wamezoea tahajia yao, na mazoea hayo yana haki yake, kama yale ya Wakikuyu na kiwimbi chao. Kinachofuata ni kwamba uamuzi sasa umerudi kwa wenye lugha, kwa kuwa mashine haiwezi tena kusingiziwa. Kwa idara za lugha wajibu ni wa karibu zaidi na wa vitendo: data za zamani zihamishwe wakati fonti zake zingali zinajulikana, kila kamusi itolewayo iandamane na fonti iliyo na ruhusa ya kusafiri, na mpangilio wa alfabeti uelezwe ndani ya hifadhidata yenyewe. Diski nyingi za miaka ya 1990 zimo makabatini. Maneno yaliyomo yalitamkwa na wazee, na wengi wao hawapo tena kuulizwa lile lililoandikwa kwa é lilikuwa na sauti gani.